Diski mbili, mlia mmoja: nilivyojenga safu ya RAID 0 kwenye kompyuta niliyoiunda mwenyewe

Kwa muda mrefu kazi yangu ya kuhariri video ilianza kwa kusubiri. Nilikuwa nikichomeka SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, niliyotoka nayo kwenye kurekodi, naagiza mradi wa gigabaiti 400 uhamie kwenye diski ya kazi, kisha nakaa mbele ya kioo nikitazama mstari wa kijani ukijivuta. Diski moja ya sahani zinazozunguka, ikiwa nzima na haina shughuli nyingine, huandika takriban megabaiti 180 kwa sekunde pale inapopewa faili kubwa zinazofuatana, na kwa mwendo huo gigabaiti 400 humalizika baada ya dakika 37. Dakika 37 si nyingi zikija mara moja kwa mwezi. Zikija mara mbili kwa siku, na video nayo ikawa inasita kila unapoisogeza kwa sababu diski haijafika mahali unapotaka, unaanza kutafuta njia.

Njia niliyoichagua ni ya zamani: diski mbili zinazofanya kazi kama moja, kila faili ikikatwa vipande vinavyowekwa kwa zamu, kipande hiki huku, kinachofuata kule. Kitaalamu huitwa RAID 0, na kwa Kiswahili mimi huiita safu ya milia, kwa kuwa ukiuchora mpangilio wa data kwenye karatasi na kuipa kila diski rangi yake, unapata milia inayopishana kama ya punda milia. Nimeijenga mara mbili hadi sasa, mara ya kwanza kwa pupa na mara ya pili kwa utulivu. Ninamwandikia yule anayefikiria kufanya hivyo hivyo, kwa sababu amri za kuandika ni chache na hazichukui hata robo saa, ilhali uamuzi mkubwa unatakiwa uwe umeshafanywa kabla ya kushika bisibisi: ni data gani uko tayari kuiweka mahali ambapo kufa kwa diski moja ni kufa kwa zote?

Tuanze na namna data inavyolala. Unapounda safu unachagua ukubwa wa kipande. Kwenye Linux, mdadm, programu ya kuunda na kusimamia safu hizi, usipoiambia kitu huchagua kilobaiti 512. Chukua faili ya megabaiti 3. Itakatwa vipande sita: cha kwanza, cha tatu na cha tano vinakwenda diski ya kwanza, cha pili, cha nne na cha sita vinakwenda diski ya pili. Vipande viwili vilivyo sambamba, kimoja kila upande, ndivyo vinavyofanya mlia mmoja. Wakati wa kusoma, diski zote mbili zinatoa sehemu zake kwa wakati mmoja, na mwendo unakaribia kuwa maradufu. Lakini chukua sasa faili ya kilobaiti 40, barua kwa mfano. Hiyo inaingia yote ndani ya kipande kimoja, kwa hiyo inakaa kwenye diski moja tu, na nyingine haina la kusaidia. Hapo ndipo wengi wanapokosea matarajio: safu ya milia huongeza upana wa njia, wala haifupishi safari.

Safari hiyo ina urefu unaoweza kuuhesabu. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, maana yake mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Baada ya mkono wa kusomea kufika kwenye njia inayotakiwa, ni lazima usubiri sekta, yaani kijisehemu chenye data unayoitaka, ipite chini yake, na kwa wastani utasubiri nusu mzunguko, yaani milisekunde 4.2 hivi. Ukiwa na diski mbili zisizozunguka kwa pamoja, na ombi lako likawa linagusa zote mbili, jibu halikamiliki mpaka ile iliyochelewa zaidi ifike, na wastani wa kumsubiri aliyechelewa kati ya wawili ni theluthi mbili za mzunguko, karibu milisekunde 5.6. Kwa maneno mengine, ombi la namna hiyo hucheleweshwa kidogo zaidi kuliko lingekuwa kwenye diski moja. Faida inakuja baadaye, pale mtiririko unapoanza. Ndiyo maana mfumo endeshi na programu zangu zinakaa kwenye SSD, ambayo haina sahani ya kuzungusha wala mkono wa kusogeza, na sijawahi kutamani kuzihamishia kwenye milia.

Jina lenyewe lina historia inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyolifanya neno RAID, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya safu zenye ziada za diski za bei nafuu, lijulikane. Hoja yao ilikuwa kwamba diski ndogo na za bei nafuu za kompyuta binafsi, zikiunganishwa nyingi pamoja, zingeweza kuishinda diski moja kubwa na ghali ya kompyuta za taasisi. Hawakuficha gharama ya wazo hilo. Walipiga hesabu kwamba diski 100, kila moja ikitarajiwa kudumu wastani wa saa 30,000, ukizifunga pamoja bila kinga yoyote, safu nzima inatarajiwa kupata hitilafu baada ya saa 300, chini ya wiki mbili. Kwa hiyo ngazi tano walizozieleza, ya 1 hadi ya 5, zote zilikuwa na ziada ya kuziba pengo la diski iliyokufa. Ngazi ya 0 haikuwamo. Ilipewa jina baadaye, na sifuri yake inasema kweli tupu kwamba ziada hakuna.

Hesabu yao haikuisha na diski za wakati ule. Tuseme kila diski ina uwezekano wa asilimia 3 wa kufa ndani ya mwaka mmoja. Safu ya diski mbili ina uwezekano wa karibu asilimia 6, na ya diski nne unavuka asilimia 11. Na kinachopotea si nusu ya faili zako. Faili za video zinakuwa na matundu kila baada ya kilobaiti 512, jambo linalozifanya zisichezeke, na hata zile ndogo zilizobahatika kulala nzima kwenye diski iliyopona hazina njia rahisi ya kupatikana, kwa sababu daftari la mfumo wa faili, lile linaloonyesha kipi kiko wapi, nalo limekatwa kwa milia ile ile.

Nilipokwisha kulikubali hilo, orodha ya vitu vya kuweka kwenye safu ikajiandika. Video ghafi ambazo nakala yake nyingine ipo mahali pengine ziliruhusiwa. Faili za muda ambazo programu ya kuhariri huzitengeneza na inaweza kuzitengeneza tena ziliruhusiwa, pamoja na matokeo ya kazi yanayosubiri kukabidhiwa. Picha za familia, nyaraka na barua hazikuruhusiwa hata kwa siku moja. Nimeshikilia mpaka huo tangu hapo, na ninauona kuwa na maana kuliko uchaguzi wowote wa kifaa.

Kuhusu vifaa vyenyewe, nilichukua diski mbili za terabaiti 4, muundo mmoja, mizunguko 7,200. Ukubwa kulingana ni muhimu. Vidhibiti vingi huipima safu kwa diski ndogo kuliko zote na kuiacha ziada ya ile kubwa bila kazi. Mdadm yenyewe huweza kuitumia ziada hiyo kwa kugawa safu kanda mbili, lakini jambo hilo lina kisa chake. Katika Linux 3.14 mpangilio wa kanda hizo ulibadilika bila kukusudiwa, na tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019 kiini cha Linux hukataa kuiunganisha safu ya diski zisizolingana ikiwa haijulikani ni mpangilio upi uliotumika, mpaka mwenye mashine aseme mwenyewe, kwa hofu ya kuharibu data. Diski zinazolingana hazikutani na mkasa huo kabisa. Mwendo nao unafuata kanuni ile ile: safu hutembea kwa hatua za diski iliyo polepole kuliko zote, kwa hiyo kuoanisha diski ya kasi na diski nzito ni kuipoteza ya kasi.

Jambo ambalo ningemsihi mnunuzi aliangalie kabla ya mengine yote ni aina ya uandishi. Zipo diski ambazo njia zake za data zimepandana kama vigae vya paa, jina lake SMR, ili sahani ibebe zaidi. Kuandika upya njia moja kunalazimisha kuandika upya za jirani, na baada ya muda wa uandishi mfululizo mwendo wake huporomoka vibaya. Kwa kuhifadhi vitu visivyoguswa ni sawa. Kwa safu inayoandikwa na kufutwa kila siku hazifai hata kidogo. Kuna ushauri mwingine unaorudiwa sana, wa kununua diski za matoleo tofauti ya kiwanda ili zisife pamoja. Ushauri huo ni mzuri kwa safu za kioo, ambako diski moja hubeba nakala ya mwenzake, lakini kwenye milia haukuongezei kitu, maana kifo cha yeyote kinatosha.

Kufunga diski ndani ya kasha ni kazi ya dakika chache, na bado mambo mawili yanastahili umakini. La kwanza ni umeme: diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta hadi ampea 2 kwenye waya wa volti 12, mara kadhaa ya inavyovuta ikiwa imeshatulia, kwa hiyo pawa saplai iliyotosha kompyuta nzima jana inaweza kuyumba leo diski zikiamka zote kwa pamoja. La pili ni matundu ya SATA, yale ya kuchomekea kebo za data za diski. Kwenye mbao mama nyingi za kisasa, ukijaza nafasi fulani ya M.2, ile ya kuchomeka SSD bapa, tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa kimya kimya, na mtu anaweza kumaliza jioni nzima akiilaumu diski nzima kabisa. Kitabu cha ubaomama kinayataja matundu hayo. Ni vyema kuusoma ukurasa huo kabla ya kufunga kasha.

Kabla ya kuunda chochote, niliziendesha diski zote mbili kipimo kirefu cha SMART, mfumo wa diski wa kujichunguza afya yake, kile kinachosoma kila sekta kutoka mwanzo hadi mwisho, na niliziacha usiku kucha. Diski mpya ikiwa na kasoro, ni afadhali ionekane ikiwa tupu.

Sasa nieleze kosa la safari ya kwanza. Ubaomama niliokuwa nao wakati ule ulikuwa na uwezo wa kuunda RAID kutoka kwenye mipangilio yake ya awali, kabla mfumo endeshi haujaamka, na mimi niliuamini kwa kuwa ulionekana kama kifaa halisi cha kazi hiyo. Kwa kweli uwezo wa namna hiyo mara nyingi ni programu tu: ubaomama huandika maelezo ya safu kwenye diski, kisha kazi yote ya kukata na kuunganisha hufanywa na prosesa kupitia programu ya kiendeshi ndani ya mfumo. Ilifanya kazi vizuri kwa miezi mingi. Halafu betri ndogo ya duara ya CR2032, ile inayoushikilia umeme wa mipangilio kompyuta inapozimwa, ikaisha nguvu. Asubuhi moja niliwasha mashine, saa ikasoma tarehe ya miaka iliyopita, na mipangilio yote ilikuwa imerudi kama ilivyotoka kiwandani, ikiwa ni pamoja na ile inayosema matundu ya SATA yafanye kazi kwa mtindo wa AHCI, unaoichukulia kila diski peke yake, badala ya RAID.

Windows iliamka kutoka kwenye diski yake nyingine kama kawaida. Safu yangu haikuwepo. Badala yake kulikuwa na diski mbili zisizo na jina, na kisanduku katikati ya kioo kikiniuliza kama ningependa kuziandaa kwa matumizi, chenye kitufe cha kukubali kikiwa kimeshachaguliwa tayari. Nilikuwa nimechoka na kidole kilikuwa juu ya kipanya. Kukubali kungeandika jedwali jipya la sehemu, yaani orodha ya jinsi diski ilivyogawanywa, mwanzoni mwa kila diski, juu kabisa ya mlia wa kwanza. Kilichonizuia ni ile saa iliyokosea: iliponijia akilini kwamba mashine imesahau mengi, nilifunga kisanduku, nikazima kompyuta, nikabadilisha betri, nikaurudisha mtindo wa RAID, na safu ikarudi na kila faili yake. Tangu siku hiyo ninamwambia kila anayeniuliza: mfumo ukikuomba ruhusa ya kuandaa diski ambayo unajua ina data, kataa kwanza, uliza baadaye.

Ndiyo sababu safu ya pili niliijenga kwa mdadm kwenye Linux. Maelezo yake yanakaa kwenye diski zenyewe, hayategemei ubaomama wala betri, na ukizihamishia diski hizo kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, itazitambua na kuziunganisha. Wanaotumia Windows wana zana za ndani ya mfumo wao zinazofanya jambo linalokaribiana na hilo, na zinatosha kwa kazi za nyumbani.

Hapa pia kuna mtego mmoja ambao maelekezo mengi huuruka. Ni rahisi kuipa mdadm diski nzima, bila kuigawa sehemu, na mara nyingi hakuna tatizo. Lakini diski iliyowahi kuwa na jedwali la sehemu la GPT hubaki na nakala ya jedwali hilo mwishoni mwake, na kuna mbao mama ambazo zikiiona nakala ya mwisho bila ile ya mwanzo hudhani jedwali limeharibika, zikairudisha mwanzoni mwa diski bila kukuuliza. Maelezo ya mdadm ya toleo la kawaida yanaanza kilobaiti 4 tu kutoka mwanzo wa diski, hivyo matengenezo hayo ya hisani yanapita juu yake na kuyafuta. Kwa hiyo nilizifuta diski alama zote za zamani kwa wipefs, nikatengeneza GPT mpya kwenye kila moja, na ndani yake sehemu moja inayoanzia megabaiti ya kwanza na kuacha megabaiti 100 tupu mwishoni. Kuanzia kwenye megabaiti ya kwanza kunahakikisha pia kwamba vipande vinakaa sambamba na sekta halisi za baiti 4,096 zinazotumiwa na diski za siku hizi. Na GPT ilikuwa lazima hata hivyo, kwa kuwa jedwali la zamani la MBR, kwa sekta za baiti 512, haliwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 na kidogo.

Baada ya hapo amri ni moja:

mdadm --create /dev/md0 --level=0 --raid-devices=2 /dev/sdb1 /dev/sdc1

Inajibu mara moja. Hakuna kusubiri diski zilinganishwe kama inavyokuwa kwenye safu za kioo, kwa sababu hakuna nakala ya kulinganisha. Niliacha kipande kwenye kilobaiti 512, kwa kuwa faili zangu ni kubwa na zinasomwa kwa mfululizo. Anayeshughulika na faili nyingi ndogo anaweza kujaribu ukubwa mwingine, ingawa kwa uzoefu wangu tofauti huonekana kwenye vipimo zaidi kuliko kwenye kazi. Nilifomati kwa mfumo wa faili wa ext4, ambao huyasoma maelezo ya safu na kujipanga kufuata milia bila kuambiwa. Kisha niliandika utambulisho wa safu kwenye faili ya mipangilio ya mdadm na kuitengeneza upya picha ya kuwashia mfumo. Ukiisahau hatua hii, safu itaamka baada ya kuwasha upya ikiwa na jina la md127 badala ya md0, na kila kitu kilichokuwa kinaitafuta kwa jina la kwanza kitalalamika. Kwenye fstab, faili inayoorodhesha diski za kufunguliwa kompyuta inapowaka, niliitaja kwa UUID, utambulisho wake wa kipekee, pamoja na neno nofail, ili kompyuta iamke hata siku ambayo safu haitaamka.

Kisha nikapima, na matokeo yakanivunja moyo. Kipimo cha kwanza kilinipa zaidi ya megabaiti 5,000 kwa sekunde, idadi ambayo hakuna diski mbili za sahani zinazoweza kuifikia. Ilikuwa kumbukumbu ya RAM ikinirudishia faili niliyoisoma dakika moja kabla. Nilipoiamuru programu ya kupimia ipite kando ya kumbukumbu hiyo, idadi ilishuka hadi 210. Diski moja peke yake ilikuwa inatoa 190. Nilitarajia kitu cha karibu na 370.

Nikafungua taarifa za SMART za diski zote mbili, nikaziweka kando kwa kando. Mistari ya 5 na 197, ile inayohesabu sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri hukumu, ilikuwa sifuri kwa zote mbili. Mstari wa 199 ulikuwa sifuri kwa diski ya kwanza, na 61 kwa ya pili. Nikanakili faili moja kubwa, nikaangalia tena: 74. Mstari huo huhesabu mara ambazo data imeharibika njiani kati ya diski na ubaomama, ikabidi itumwe upya, na kwa hiyo mara nyingi ugonjwa wake ni wa kebo wala si wa diski. Nilifungua kasha. Kebo ya diski ya pili ilikuwa imekunjwa karibu na kichwa chake, mahali ambapo ubavu wa kasha ulikuwa unaisukuma kila nilipoufunga, na plastiki yake ilikuwa na mkunjo mweupe kama kucha iliyobinywa. Nikaweka kebo yenye kichwa cha pembe, nikaizungusha mbali na ubavu. Namba ile ya 199 hairudi nyuma kamwe, kwa hiyo ilibaki 74 na iko hivyo hadi leo, lakini haijaongezeka hata moja. Kipimo kikasoma 372.

Dakika 37 zikawa dakika 19. Naeleza pia kwamba 372 ni idadi ya mwanzo wa diski, ambako njia za nje za sahani ni ndefu na data nyingi hupita chini ya mkono kwa kila mzunguko. Kadiri safu inavyojaa na kuingia ndani ya sahani, mwendo hupungua, na mwishoni kabisa hukaribia nusu. Kwa sababu hiyo sijawahi kuijaza zaidi ya nusu kwa kazi zinazohitaji kasi. Nusu ya ndani inabaki kwa faili ambazo zinasubiri tu.

Nje ya safu kuna diski ya terabaiti 8 isiyokatwa milia yoyote. Kila usiku saa nane programu ya rsync hunakili humo kilichobadilika kwenye safu, na mara moja kwa wiki nakala rudufu nyingine huondoka nyumbani. Mwezi wa kwanza nilijaribu kurudisha mradi mmoja mzima kutoka kwenye nakala hizo, nikaufungua, nikaucheza hadi mwisho. Nilitaka kujua kwamba nakala inafunguka, siyo tu kwamba ipo.

Mwezi wa kumi na nne, mstari wa 197 wa diski ya kwanza ulisoma 8. Siku mbili baadaye ulisoma 40, na nikaagiza diski mpya. Haikuwahi kufika kwa wakati. Mchana wa siku ya tatu, katikati ya kurekebisha rangi, video iliganda, nikasikia mlio wa mkono wa diski ukigonga na kurudi, ukigonga na kurudi, kwa utaratibu uliokuwa mkali kwa sababu chumba kilikuwa kimya. Safu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimepoteza kazi ya saa nne, iliyofanywa tangu asubuhi baada ya nakala ya usiku, na sikupoteza kitu kingine.

Mfumo uliniambia aliyekufa ni sdb. Herufi hizo hugawiwa kila kompyuta inapowaka na zinaweza kubadilishana, kwa hiyo sikuzitegemea. Nililinganisha namba ya mfululizo niliyokuwa nimeihifadhi kutoka kwenye taarifa za SMART na ile niliyokuwa nimeiandika, herufi nne za mwisho, kwenye utepe mweupe ubavuni mwa kila diski siku niliyozifunga. Ilikuwa ya juu. Diski mpya ilipofika nilifanya kila hatua tangu mwanzo: kipimo cha usiku kucha, wipefs, GPT, amri ile moja. Kurudisha terabaiti 3 kulichukua saa nne na dakika 40, kwa sababu hapo mwendo uliamuliwa na diski moja ya nakala na siyo na mbili za safu. Nilipoamka, kila mradi ulikuwa mahali pake. Nikakata utepe mwingine, nikaandika herufi nne, nikaubandika kabla ya kufunga kasha, kisha nikaanza upya kurekebisha rangi za jana.